Safari ya Gari la Malazi katika Nchi ya Migodi ya Australia Magharibi: Maji, Barabara na Miji Iliyoachwa

Katika jimbo la Australia Magharibi upo utalii ambao kwa Mtanzania huenda ukaonekana wa ajabu. Watu hukodi au hununua gari lenye kitanda, jiko la gesi, jokofu na tangi la maji, kisha huzunguka kwa wiki kadhaa katika nyika kavu ili kutazama migodi. Hawaendi kuajiriwa huko. Wanakwenda kuona mashimo, mitambo, reli, makaburi na miji iliyojengwa na dhahabu, chuma au asbesto, ambayo mingine imekwisha kuhamwa. Wengi wao ni wastaafu waliouza au kufunga nyumba zao na kuamua kuishi barabarani kwa msimu mzima.

Safari hiyo ina maslahi kwa wananchi wa hapa nchini zaidi ya burudani. Perth, mji mkuu wa jimbo hilo, ni makao ya kampuni nyingi za madini zinazofanya kazi barani Afrika, na ndiko hufanyika kila mwaka mkutano wa Africa Down Under, ambao Tanzania imekuwa ikishiriki kutafuta wawekezaji. Mgodi wa Golden Pride wilayani Nzega, wa kwanza wa kisasa wa dhahabu nchini, uliendeshwa na kampuni ya Resolute kutoka Perth. Aidha, mwezi Aprili 2023 Serikali ilisaini mikataba na kampuni tatu kutoka Australia kwa ajili ya miradi ya kinywe na madini adimu. Anayetaka kufahamu nini hutokea mgodi unapofunguliwa, unapokua na unapokwisha, anaweza kujifunza mengi kwa kufuata barabara za jimbo hilo.

Australia Magharibi ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba milioni 2.5, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya Tanzania. Wakati Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, jimbo hilo zima lina wakazi wapatao milioni 3 tu, na wengi wao wako Perth na viunga vyake. Nje ya mji huo, msafiri anaweza kuendesha gari kwa saa mbili au tatu bila kuona nyumba. Hapo ndipo ilipo hatari ya safari hii, na ndiyo sababu mamlaka za huko zimeweka masharti mengi kuhusu gari, maji na mawasiliano.

Gari, barabara na masharti yake

Kwa dereva kutoka Afrika Mashariki, jambo la kwanza ni la faraja: Australia huendesha upande wa kushoto, kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda. Leseni isiyoandikwa kwa Kiingereza huhitaji tafsiri au kibali cha kimataifa cha udereva. Viza hupatikana kabla ya kuondoka. Ukaguzi wa mazao na viumbe hai uwanja wa ndege ni mkali kuliko ule ambao wasafiri wengi wameuzoea: dagaa wakavu, mbegu, asali na hata kinyago cha mpingo ni lazima vitajwe katika fomu ya kuingilia nchini. Anayeficha hutozwa faini, wakati anayetaja, mara nyingi huruhusiwa kupita na mzigo wake baada ya kukaguliwa.

Mkataba wa kukodi gari la malazi unapaswa kusomwa hadi mwisho kabla ya kutiwa saini. Kampuni nyingi huzuia magari ya kawaida kuingia barabara za changarawe, na nyingi katika jimbo hilo huzuia pia kuendesha nje ya miji baina ya machweo na mawio. Sababu ya sharti hilo la pili ni kangaruu. Wanyama hao hutoka malishoni jioni na alfajiri, husimama kando ya lami, kisha huruka mbele ya taa za gari bila dalili yoyote. Madereva wanaopita Hifadhi ya Mikumi wanaielewa hoja hiyo, isipokuwa kwamba Mikumi ni kilomita 50, na huko hali ni hiyo kwa maelfu ya kilomita. Ng'ombe nao hutembea huru, kwa kuwa mashamba mengi ya mifugo hayana uzio. Mwenye gari la kukodi anayegonga mnyama usiku, kinyume cha mkataba, huweza kujikuta akilipa gharama yote kutoka mfukoni mwake.

Hatari nyingine ni malori. Katika barabara za migodini hupita malori yanayovuta matrela matatu au manne, na urefu wa msafara mmoja hufikia mita 53.5 au zaidi. Kulipita lori la namna hiyo huhitaji sehemu iliyonyooka na inayoonekana kwa umbali mrefu. Linapopishana na gari dogo huacha msukumo wa upepo unaoweza kuliyumbisha. Mara kwa mara hupita pia mizigo mipana ya mitambo ya migodini, ikitanguliwa na magari ya kusindikiza yenye taa za manjano. Yanapotokea hayo, dereva wa gari dogo hutakiwa kutoka kabisa nje ya lami na kusubiri.

Msimu unaofaa ni kati ya Mei na Septemba. Katika miezi ya kiangazi, ambayo huko ni Desemba hadi Februari, joto la eneo la kaskazini la Pilbara hupita nyuzi 40 kwa siku nyingi mfululizo. Mji mdogo wa Marble Bar, uliotokana na dhahabu, uliweka kumbukumbu ya siku 160 mfululizo zenye joto la angalau nyuzi 37.8 kati ya Oktoba 1923 na Aprili 1924. Gari likiharibika katika hali kama hiyo, agizo la polisi na waokoaji halibadiliki: msafiri abaki karibu na gari lake. Gari huonekana kutoka angani, mtu anayetembea porini haonekani, na wengi waliopoteza maisha katika nyika ya Australia ni wale walioacha gari na kwenda kutafuta msaada kwa miguu.

Simu za mkononi hushika zaidi mijini na katika baadhi ya vipande vya barabara kuu. Namba ya dharura ni 000, na kwa simu ya mkononi namba 112, ambayo Watanzania wanaifahamu, huunganishwa huko huko. Pale ambapo hakuna mtandao, wasafiri wenye tahadhari hubeba kifaa kidogo kinachotuma ishara ya kuomba msaada kupitia satelaiti. Mgonjwa mahututi huchukuliwa na ndege za huduma ya madaktari warukao, iliyoanza mwaka 1928 huko Cloncurry, jimboni Queensland, kutokana na juhudi za mchungaji John Flynn. Huduma hiyo imekuwa mfano kwa nchi nyingi zenye watu waliotawanyika.

Bomba lililofuata dhahabu

Kutoka Perth, barabara kuu ya Great Eastern huelekea mashariki kwa takribani kilomita 600 hadi Kalgoorlie. Kwa sehemu kubwa ya mwendo huo, dereva huona bomba kubwa la chuma likiambatana na barabara, likitoweka nyuma ya vichaka na kurudi tena. Wasafiri wengi hulipita bila kuuliza, ingawa historia yake ni moja ya mambo makubwa ya safari nzima.

Dhahabu iligunduliwa Coolgardie mwaka 1892 na Arthur Bayley na William Ford. Mwezi Juni 1893, wachimbaji watatu wenye asili ya Ireland, Patrick Hannan, Thomas Flanagan na Daniel Shea, waliikuta mahali palipokuja kuwa Kalgoorlie. Maelfu ya watu walimiminika katika nchi isiyo na mto wala ziwa la maji baridi. Maji ya chini ya ardhi yalikuwa na chumvi, hivyo yalichemshwa kwa kuni na mvuke wake kukusanywa, kisha yakauzwa kwa bei ambayo mchimbaji asiye na bahati hakuimudu. Homa ya matumbo iliua wengi, na makaburi ya zamani ya Coolgardie yanathibitisha hivyo.

Mhandisi Mkuu wa koloni hilo, C. Y. O'Connor, alipendekeza bwawa lijengwe katika vilima vya Mundaring karibu na Perth, na maji yasukumwe kwa bomba kwa zaidi ya kilomita 500, yakipanda zaidi ya mita 300, kwa nguvu ya vituo vinane vya mvuke. Mwaka 1896 Bunge liliidhinisha mkopo wa pauni milioni 2.5, kiasi kikubwa mno kwa koloni changa. Magazeti na baadhi ya wanasiasa walimshambulia mhandisi huyo kwa miaka kadhaa, wakidai kwamba maji hayangefika kamwe, na pia kwamba mradi ulikuwa na ufisadi. Tarehe 10 Machi 1902 O'Connor alijiua. Tarehe 24 Januari 1903 maji yalifunguliwa rasmi Kalgoorlie na Sir John Forrest, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya koloni wakati mradi ulipopitishwa.

Zaidi ya karne moja baadaye bomba hilo bado linafanya kazi, na limetoa maji pia kwa wakulima wa ngano na miji midogo ya njiani ambayo haikuwa sababu ya kujengwa kwake. Wananchi wa Kahama na Shinyanga, wanaopata maji ya Ziwa Victoria kwa bomba linalopita katika mikoa ya migodi, wataona ufanano wa jambo hilo bila kuhitaji maelezo marefu. Kalgoorlie yenyewe haikusahau. Sanamu ya Hannan katika barabara kuu ya mji inamwonyesha akiwa ameshika kiriba, na kiriba hicho kilitengenezwa kuwa bomba la maji ya kunywa kwa wapita njia.

Shimo la Kalgoorlie na maduara ya zamani

Pembeni mwa mji huo lipo shimo linalojulikana kama Super Pit. Hapo awali eneo hilo lilikuwa na kampuni nyingi, kila moja na duara lake, zikifukuzia mwamba mmoja wenye dhahabu nyingi. Mwaka 1989 uendeshaji wa leseni hizo uliunganishwa na uchimbaji wa wazi ukaanza kwa kiwango kikubwa. Leo shimo lina urefu wa zaidi ya kilomita 3.5, upana wa kilomita 1.5 na kina cha zaidi ya mita 600. Malori yanayopanda kutoka chini hubeba zaidi ya tani 200 kila moja, na sehemu kubwa ya mzigo huo ni magwangala. Katika kuta za shimo huonekana matundu ya mahandaki ya zamani, yaliyochimbwa kwa mikono na baruti na watu ambao majina yao mengi hayajulikani.

Wasafiri wengi wa magari ya malazi hubeba pia chombo cha kutambua madini ardhini. Sheria ya Madini ya jimbo hilo ya mwaka 1978 humruhusu mtu mwenye kibali kiitwacho Miner's Right kutafuta dhahabu kwa zana ndogo katika ardhi ya serikali isiyokuwa na leseni ya mtu mwingine. Kibali hicho hupatikana kwa ada ndogo, lakini kina mipaka. Hakimruhusu mwenye nacho kuingia katika leseni ya uchimbaji bila idhini ya mwenyewe. Maeneo yenye leseni ya utafiti huhitaji ruhusa ya ziada, hifadhi za taifa na ardhi zilizotengwa kwa wenyeji wa asili zina masharti yake, na kila shimo linalochimbwa ni lazima lifukiwe. Msomaji asichanganye utaratibu huo na wa nyumbani: nchini Tanzania leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa raia wa Tanzania, na mgeni aliye matembezini hana haki ya kuchimba.

Jambo la kuogopwa zaidi na watafutaji hao ni maduara yaliyoachwa. Yapo maelfu katika ukanda wa dhahabu, mengi yakiwa yamefunikwa kwa mbao zilizooza au kuzungukwa na nyasi. Wachimbaji wa Chunya au Geita hawahitaji kuambiwa maana ya kurudi kinyumenyume ukipiga picha katika eneo la namna hiyo. Mgeni aliyekulia mjini anahitaji kuambiwa, na mabango ya serikali yanamwambia.

Kaskazini mwa Kalgoorlie barabara hupita Menzies, mji mdogo uliokuwa na maelfu ya watu wakati wa dhahabu. Nje yake, katika chumvi ya Ziwa Ballard, zimesimama sanamu 51 za chuma zilizowekwa mwaka 2003 na msanii Antony Gormley kwa kutumia vipimo vya miili ya wakazi wa Menzies. Njia ya kwenda huko ni ya changarawe, kwa hiyo mkataba wa gari utazamwe kwanza.

Mji wa Gwalia

Kilomita 235 hivi kaskazini mwa Kalgoorlie upo mji wa Leonora, na jirani yake kabisa ni Gwalia. Mgodi wa Sons of Gwalia ulianza miaka ya 1890. Mwaka 1898 ulipata meneja kijana wa Kimarekani aitwaye Herbert Hoover, ambaye mwaka 1929 alikuja kuwa Rais wa 31 wa Marekani. Hoover alipendelea kuajiri wahamiaji kutoka Italia ili kupunguza gharama, na kwa miongo iliyofuata Gwalia ikawa mji wa Waitaliano na watu wa kusini mwa Ulaya, wenye nyumba ndogo za mbao na mabati, duka, hoteli na shule.

Mwishoni mwa Desemba 1963 mgodi ulifungwa. Hapakuwa na ajira nyingine, na ndani ya wiki chache karibu wakazi wote walikuwa wameondoka, wakiacha vitanda, majiko na vyombo. Nyumba hizo bado zipo. Zimehifadhiwa kama makumbusho, na mgeni huruhusiwa kuingia na kuona kalenda za ukutani na karatasi za magazeti zilizotumika kuziba upepo. Nyumba ya meneja, juu ya kilima, hupokea wageni wa kulala.

Yapo maelezo ambayo watalii wengi huyasikia nusu tu. Mgodi wa Gwalia haukufa moja kwa moja. Ulifunguliwa tena miaka ya 1980, na hadi sasa dhahabu inaendelea kuchimbwa chini ya ardhi, mita chache kutoka nyumba zile tupu. Mji haukurudi. Wafanyakazi wa sasa, kama ilivyo katika migodi mingi ya jimbo hilo, huletwa kwa ndege kwa zamu za wiki kadhaa, hulala katika kambi na kurudi Perth au kwingineko. Mshahara wa mgodini hutumika mahali pengine. Wakazi na viongozi wa miji midogo ya Australia wamelalamikia mtindo huo kwa miaka mingi, na yeyote anayekula chakula cha mchana katika barabara kuu ya Leonora, akahesabu maduka yaliyo wazi, atawaelewa.

Kuhusu mashimo yanayoachwa, jimbo hilo lilitunga sheria mwaka 2012 ya kuanzisha mfuko wa ukarabati wa migodi. Tangu mwaka 2014 wenye leseni hutakiwa kuchangia kila mwaka asilimia 1 ya makadirio ya gharama za kukarabati ardhi waliyoiharibu, pale gharama hizo zinapozidi dola 50,000 za Australia. Fedha hizo husaidia pia kushughulikia migodi ya zamani ambayo wamiliki wake hawapo tena. Hapa Tanzania njia iliyochaguliwa ni ya mpango wa ufungaji mgodi pamoja na dhamana ya kifedha kwa ajili ya ukarabati wa mazingira. Nzega ilishuhudia Golden Pride ikifungwa baada ya takribani miaka 15 ya uzalishaji. Kahama ilishuhudia Buzwagi ikifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, na Serikali ikaamua eneo hilo liwe la uwekezaji wa kiuchumi ili majengo, umeme na uwanja wa ndege visiishie kuwa magofu. Gwalia haikuwa na mpango wowote wa namna hiyo.

Chuma cha Pilbara

Kutoka Leonora, ramani huonyesha njia ya kupitia Wiluna hadi Meekatharra, lakini kipande cha kutoka Wiluna kuelekea magharibi kwa muda mrefu kimekuwa na changarawe nyingi. Mwenye gari la kukodi hulazimika kuuliza hali ya barabara, ama kurudi kusini na kushika barabara kuu ya Great Northern kupitia Mount Magnet na Cue. Baina ya Meekatharra na Newman ni zaidi ya kilomita 400, na kituo cha mafuta cha kutegemewa katikati ya mwendo huo ni Kumarina. Hakuna dereva mwenye busara anayekipita bila kujaza tangi.

Newman ni mji uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa chuma wa Mount Whaleback, ambao akiba yake iligunduliwa na Stan Hilditch mwaka 1957. Shimo lake lina urefu wa zaidi ya kilomita 5. Chuma husafirishwa kwa reli ya kilomita 426 hadi bandari ya Port Hedland, na mwezi Juni 2001 reli hiyo iliweka rekodi ya dunia kwa treni moja yenye mabehewa 682 na vichwa 8, ambayo urefu wake ulikuwa zaidi ya kilomita 7. Magharibi zaidi, katika migodi inayozunguka Tom Price, treni za kampuni ya Rio Tinto, zenye urefu wa takribani kilomita 2.4, huenda bila dereva ndani yake. Zinasimamiwa kutoka kituo kilichopo Perth, umbali wa takribani kilomita 1,500. Msafiri aliyesimama kwenye makutano ya reli na barabara hupitiwa na treni nzima bila kumwona mtu.

Ardhi hiyo ina wenyewe. Watu wa Banjima, Yinhawangka, Kurrama na wengine wameishi humo tangu zamani sana, na sehemu nyingi wanazopita watalii ni maeneo yao matakatifu. Mwezi Mei 2020, katika bonde la Juukan, mapango yenye ushahidi wa kuishi binadamu kwa miaka 46,000 yalilipuliwa ili kupanua mgodi wa chuma, ingawa wenyewe, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, walikuwa wamepinga. Ulipuaji huo ulikuwa na kibali cha kisheria, na hilo ndilo lililowashtua Waaustralia wengi kuliko kitendo chenyewe. Mtendaji mkuu wa Rio Tinto aliondoka katika nafasi yake, na Bunge la nchi hiyo likafanya uchunguzi. Kwa mtalii, maana yake ya kila siku ni ndogo lakini ya wazi: bango linalosema eneo halipigwi picha au haliingiwi liheshimiwe, na barabara zinazopita katika ardhi za wenyeji, kama ile inayoelekea mashariki kutoka Laverton, zisishikwe bila kibali.

Mji uliofutwa katika ramani

Kaskazini mwa Hifadhi ya Karijini, ambayo mabonde yake yenye maji na miamba myekundu ndiyo shabaha ya wasafiri wengi, palikuwa na mji uitwao Wittenoom. Asbesto ya buluu ilichimbwa hapo kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1966. Nyuzi za asbesto zilitumika kutengeneza mabati ya saruji, mabomba na vizuizi vya moto, na kwa wakati huo zilihesabiwa kuwa bidhaa ya maendeleo. Mabaki yake yalimwagwa barabarani, katika viwanja vya shule na michezo na hata bustani za nyumba ili kupunguza vumbi la udongo mwekundu. Watoto waliyachezea.

Asbesto huua polepole. Nyuzi zake, ambazo nyingi hazionekani kwa macho, huingia katika mapafu na kukaa humo, na saratani ya utando wa mapafu inayotokana nazo kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Zaidi ya watu 2,000 waliofanya kazi au kuishi Wittenoom wanakadiriwa kufariki kwa maradhi yanayotokana na madini hayo, wakiwemo waliokuwa watoto wadogo wakati mgodi unafungwa. Bendi ya Midnight Oil iliutungia mgodi huo wimbo mwaka 1990. Mwimbaji wake, Peter Garrett, mwaka 2007 aliteuliwa kuwa waziri wa mazingira wa Australia.

Serikali ya jimbo ilianza kuuondoa mji huo hatua kwa hatua tangu mwaka 1978. Umeme ulikatwa mwaka 2006, na mwaka 2007 jina la Wittenoom likaondolewa rasmi katika orodha ya miji. Hata hivyo, wakazi wachache waligoma kuondoka, na watalii wa magari ya malazi waliendelea kufika, wakivutiwa na bonde zuri na hadithi ya mji wa maiti. Wengine walipiga kambi humo pamoja na watoto. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria maalumu ya kuufunga mji, mkazi wa mwisho akaondolewa, na majengo yaliyobaki yakabomolewa mwaka uliofuata.

Kilichobaki ni takribani tani milioni 3 za mabaki ya mgodi katika bonde, ambazo kila msimu wa mvua husombwa na mkondo wa maji na kusambaa zaidi. Watu wa Banjima, ambao ni wenye ardhi hiyo, wamekuwa wakidai kwa miaka mingi isafishwe, kwa kuwa wao hawana nchi nyingine ya kuhamia.

Kwa msafiri, agizo la mamlaka ni moja: asiingie eneo hilo lililofungwa, hata kwa dakika chache, hata kwa kufunga vioo. Nyuzi hunasa katika matairi, viatu, mahema na matandiko, kisha husafiri pamoja na gari hadi kambi inayofuata, na gari la malazi ni chumba ambacho watu hulala, hupika na kukunja nguo zao. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa hawahisi harufu wala kikohozi, hawakudhurika. Mabonde mengine ya Karijini, kama Dales, yako wazi na yana maeneo rasmi ya kupiga kambi. Njia ya zamani kupitia bonde la Yampire, ambalo nalo lina asbesto katika miamba yake, imefungwa kwa magari ya wageni.